Somo: Programu ya kuandaa data za ramani inaweza kupata hataza? Ipime hivi kabla hujaandika maombi

Hapa Tanga vijana wa kazi za ramani wameongezeka. Kuna wanaorusha droni juu ya mashamba ya mkonge, kuna wanaochora mipaka ya mikoko kule Pangani, kuna wanaosafisha picha za setilaiti kwa ajili ya miradi ya mwani. Wengine wameshaandika programu zao wenyewe, na swali linalokuja baada ya mteja kuanza kuiga ni lile lile: nipate hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wangu? Wanajibiwa "programu haipewi hataza" na wanaishia hapo. Jibu hilo ni nusu. Programu kama programu haipewi, lakini ufumbuzi wa tatizo la kiufundi unaweza kupewa hata kama unatekelezwa na programu. Kazi yote iko katika kuonyesha hilo tatizo ni lipi na umelitatuaje.

Nitatumia mfano mmoja. Umeandika programu ya kuandaa picha za Sentinel-2 za pwani, kuanzia Mwambani mpaka Pangani. Setilaiti hizo hurudi juu ya eneo moja kila baada ya siku 5, picha zake ni za bure, na pikseli yake ndogo kabisa ni ya mita 10. Tabu ni maji. Setilaiti zinapita kwetu kabla kidogo ya saa tano asubuhi, na siku za bamvua saa hiyo maji yamekupwa, mwani na matope viko nje. Wiki inayofuata ni maji mafu, na saa ile ile maji yamejaa. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huweza kuzidi mita 3. Ukizilinganisha picha hizo mbili hivi hivi, kompyuta itakuambia ufukwe umeliwa, kumbe ni bahari inafanya kazi yake ya kila siku. Programu yako inazichambua kwa kimo cha maji kwanza ndipo zilinganishwe.

Hatua ya 1: Taja tatizo bila kutaja ramani

Chukua karatasi, andika sentensi moja: kabla ya programu yangu, nini kilikuwa hakifanyiki vizuri? Ukiandika "mteja alikuwa hapati taarifa nzuri," hujafika. Hiyo ni faida ya biashara. Ukiandika "kompyuta ilikuwa inafungua picha nzima ya kilomita 110 kwa 110 ilhali ukanda unaotakiwa ni mwembamba, na nusu yake uko chini ya maji," hapo umeanza kuzungumza lugha ya mkaguzi wa maombi ya hataza.

Hatua ya 2: Pitia makatazo ya nyumbani

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hataza, Sura ya 217, inayosimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Inaondoa kwenye hataza nadharia za kisayansi na za kihisabati, mipango na mbinu za kufanya biashara, matendo ya akili tupu, na uwasilishaji tu wa taarifa. Hilo la mwisho ndilo linalotumeza sisi watu wa ramani, maana ramani ni nini kama si taarifa iliyowasilishwa?

Njia ya pili ni ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali za ubunifu, lenye makao Harare. Ombi moja unaweza kulielekeza kwa nchi kadhaa zilizojiunga na Itifaki ya Harare ya 1982, Tanzania ikiwemo. Itifaki inataja programu za kompyuta waziwazi miongoni mwa visivyohesabika kuwa uvumbuzi, lakini inaongeza kwamba katazo linahusu vitu hivyo vikiombewa kama vilivyo. Mlango wako uko kwenye maneno hayo.

Hatua ya 3: Jipime kwa kesi za wenzetu

Hukumu za Marekani na Ulaya haziifungi BRELA. Nazileta kwa sababu huko ndiko mambo haya yamebishaniwa hadi yakachujika, na kwa sababu mteja mwenye fedha mara nyingi yuko huko.

Marekani kipimo kinatokana na kesi ya Alice Corp. dhidi ya CLS Bank, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014. Kina maswali mawili. Je, dai lako, yaani maneno ya ombi yanayotaja unachotaka kilindwe, linalenga wazo la kufikirika tu? Kama ndiyo, kuna kitu cha ziada ndani yake zaidi ya kusema "lifanyike kwa kompyuta"? Hata mawakili wa huko wanalalamika kwamba mpaka wa "kufikirika" hauonekani vizuri, kwa hiyo ni afadhali kusoma kesi kuliko kukariri maswali.

Mwaka huo huo wa 2014, kwenye kesi ya Digitech, hataza ilihusu kuunganisha seti mbili za data kuhusu kifaa cha picha ziwe wasifu mmoja. Ikaanguka. Mahakama iliona ni data inachukuliwa, inapangwa kwa hisabati, inatoka data nyingine. Sasa fikiria ni programu ngapi za ramani zinazofanya hivyo tu: tabaka la barabara na tabaka la viwanja zinaingia, tabaka moja linatoka. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Electric Power Group, kukusanya taarifa, kuzichambua na kuzionyesha navyo vikaonekana havitoshi.

Upande wa pili iko kesi ya Thales Visionix ya 2017, na mimi ningependa kila mpima ardhi aisome. Walikuwa na vihisi viwili vya mwendo, kimoja kwenye kofia ya rubani na kingine kwenye ndege yenyewe, na hesabu ya kupata kichwa kimeelekea wapi kwa kulinganisha na ndege. Hesabu ilikuwemo ndani ya dai, lakini hataza haikuangushwa, kwa sababu vihisi vilipangwa kwa namna isiyo ya kawaida na makosa ya vipimo yakapungua. Kwenye Enfish ya 2016 jedwali la hifadhidata lilipona pia, maana lilibadilisha jinsi kompyuta yenyewe inavyohifadhi na kutafuta data.

Ulaya hawaulizi "ni la kufikirika?" Mara kompyuta ikitajwa kwenye dai, kizingiti cha kwanza umeshakivuka. Shughuli inahamia kwenye hatua ya uvumbuzi, yaani kama ufumbuzi wako haukuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani, na pale wanahesabu vipengele vinavyochangia kutatua tatizo la kiufundi tu. Uamuzi wa G 1/19 wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya wa Machi 2021, uliohusu programu ya kuiga mwendo wa watu ndani ya jengo, ulisema mwigo wa kompyuta unapimwa kwa kipimo hicho hicho, na haitoshi kwamba kinachoigwa ni kitu halisi. Kwa hiyo usitegemee hoja ya "data zangu zinahusu ardhi ya kweli."

Hatua ya 4: Andika dai

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dai baya ni hili:

"Njia ya kuandaa data za kijiografia inayopokea picha za pwani, kuzichuja kwa kuzingatia maji, na kuonyesha matokeo kwenye ramani."

"Kuzichuja kwa kuzingatia maji" ni matamanio, hakuna mahali linaposema vipi. Mvuvi wa Sahare ukimpa picha hizo atakuchagulia za maji kupwa kwa macho, na mkaguzi ataandika "tendo la akili" asubuhi na mapema. Kuonyesha kwenye ramani ndiyo ile taarifa iliyowasilishwa tu.

Linganisha na hili (metadata ni taarifa zinazoambatana na faili la picha, kigae ni kipande kimoja cha picha, na faharasa ni orodha ya vipande hivyo):

"Njia inayotekelezwa na kompyuta, ambapo muda wa kupigwa kila picha unasomwa kwenye metadata yake, kimo cha maji kwa muda huo kinapatikana kutoka kwenye kipimo cha maji kilichowekwa pwani, kimo hicho kinalinganishwa na mwinuko wa kila kigae uliohifadhiwa kwenye faharasa, vigae vilivyo chini ya kimo hicho vinawekewa alama kwenye faharasa kabla faili la picha halijafunguliwa, na prosesa inasoma kutoka kwenye diski vigae visivyo na alama peke yake."

Angalia neno "kabla." Ndilo linalobeba mzigo. Mpangilio huo unapunguza data zinazosomwa, na jambo hilo linatokea ndani ya mashine, halihitaji mtu aitazame ramani ndipo liwe na faida. Kipimo cha maji nacho kinalifunga dai kwenye kifaa halisi. Kwenye maelezo weka vipimo ulivyochukua mwenyewe, kabla na baada, kwa mashine ile ile. Na usiyaache maboresho kwenye maelezo peke yake: kisichokuwemo ndani ya dai hakikusaidii.

Mfano huu ni wa kufundishia tu, msikimbilie kuuombea. Wanasayansi wa bahari wamechuja picha kwa kufuata maji siku nyingi, na upya ni mtihani mwingine kabisa.

Hatua ya 5: Tafuta waliotangulia

Espacenet na PATENTSCOPE, tovuti za kutafutia hataza, ni bure. Usitafute kwa maneno tu, tumia pia alama za makundi: G06F 16/29 ni hifadhidata za kijiografia, G06V 20/13 ni picha za setilaiti.

Hatua ya 6: Nyamaza, kisha wasilisha

Ukishawasilisha ombi la kwanza una miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ile ile. Kabla ya hapo usionyeshe mtu asiyesaini mkataba wa siri.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Bagamoyo. Msimbo wangu niliuweka wazi mtandaoni mwaka jana, na warsha nilishafanya. Nimekwisha?

Marahaba. Kwa Ulaya, ulichokiweka wazi kimekwisha. Marekani wanampa mvumbuzi mwenyewe mwaka mmoja tangu alipotangaza, kwa hiyo angalia tarehe leo hii, si kesho. Na kama umeongeza kitu baada ya warsha ambacho hakimo kwenye msimbo ule, hicho bado ni chako. Kitenganishe na vingine, ukiandikie maombi peke yake.

Mkuu, programu yangu inabadilisha ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki) kwenda WGS84 (ule unaotumiwa na GPS). Wateja wanaililia. Inafaa?

Kubadilisha kwenyewe, hapana. Thamani za kuhamisha, -160, -6 na -302, zimechapishwa miaka mingi na zimo ndani ya kila programu ya GIS, yaani programu za ramani. Ni hisabati, tena ya watu wengine. Lakini hebu tuangalie wateja wanalilia nini. Faili linakuja halina maelezo ya datamu, yaani msingi wa viwianishi vyake, mtu analifungua kama WGS84, viwanja vya Chumbageni vinahama karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini, na hakuna anayejua mpaka mtu agombane na jirani. Kama programu yako inagundua yenyewe faili liko kwenye datamu gani, tuseme kwa kusoma mhamo wa kona za majengo dhidi ya picha ya droni iliyofungwa kwa GPS, na inakataa kuunganisha matabaka mpaka mhamo ueleweke, hapo tuna la kuzungumza. Niandikie inavyogundua. Inavyobadilisha niachie.

Mimi natumia akili mnemba kutambua mikoko. Nimeifundisha kwa picha za Pangani ambazo hakuna mwingine anazo.

Data adimu hazikupi hataza, dada yangu. Aprili 2025 mahakama ya rufaa ya Marekani, kwenye kesi ya Recentive dhidi ya Fox, ilisema kuchukua mbinu ya kawaida ya kufundisha mashine na kuipeleka kwenye aina mpya ya data hakutoshi. Kama umebadilisha namna modeli inavyofundishwa, ombea hilo. La sivyo zitunze picha zako kama siri ya biashara. Zina thamani zaidi hivyo.

Kwa nini tusumbuke? Kusajili hakimiliki COSOTA si kunatosha?

Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 218, inalinda msimbo ulivyoandikwa, na ulinzi unaanza ulipouandika. Mwenzako wa Ngamiani akielewa njia yako akaiandika upya kwa lugha nyingine ya kompyuta, hakimiliki haimgusi. Ila kama programu yako itakuwa imepitwa baada ya miaka miwili, hakimiliki na mkataba mzuri na mteja vinatosha, fedha ya wakala wa hataza kanunulie betri za droni.

Hataza ya BRELA inafika Unguja?

Haifiki. Zanzibar wana Sheria ya Mali za Viwandani ya 2008 na wakala wao, BPRA. Mwenye wateja pande zote mbili afungue pande zote mbili.

Niliiandika nikiwa kazini, ila usiku, kwa kompyuta yangu.

Lete mkataba wako wa ajira tuusome kwanza, hasa kifungu kinachotaja kazi ulizoajiriwa kufanya. Saa ya usiku haitakusaidia sana kama uliajiriwa kuandika programu za ramani.