Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Maporomoko ya Sanje

Maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake hushuka kwa hatua tatu zenye jumla ya zaidi ya mita 170, yako upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, na njia ya kuyazunguka humchukua mtembeaji wa kawaida muda wa saa nne hivi, mapumziko yakiwemo. Hakuna haja ya kuwa mpanda milima ili kuimaliza. Hata hivyo, ina mpando wa kutosha kumtoa jasho mtu aliyezoea kukaa ofisini, na sehemu zake nyingi ni msitu mnene wenye mizizi, mawe na unyevu, hivyo maandalizi yanayofaa ufukweni au mbugani hayatoshi huku.

Jambo la kwanza la kupanga ni saa ya kuanza. Njia hii iko kwenye mteremko unaotazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hukupiga moja kwa moja wakati ungali chini, karibu na bonde la Kilombero lenye joto, ilhali alasiri jua huzama nyuma ya mlima mapema na msitu huanza kuwa na giza kabla ya watu wa kijijini kuwaza kuwasha taa. Anayeanza saa tano atapanda katika joto kali kisha ateremke sehemu zenye utelezi wakati mwanga unapungua na miguu imechoka. Anza saa mbili asubuhi, au hata kabla ya hapo ikiwezekana, na ubebe tochi ya kuvaa kichwani hata kama una uhakika wa kurudi mchana.

Ili kuianza saa hiyo, taratibu zimalizwe siku iliyotangulia. Kwa anayetoka Mikumi kupitia Kidatu, kijiji cha Sanje huja kabla ya Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi ambako wageni hujiandikisha na kupangiwa askari au mwongozaji, na kwa sababu hiyo wapo wanaopita mlangoni pa safari yao bila kujua, wakalazimika kurudi nyuma kilomita kama kumi baadaye. Kulala Mang'ula huondoa usumbufu huo. Ukilala huko, kumbuka kwamba bonde hili lina mbu waenezao malaria; hakikisha chumba kina chandarua kizima. Uwe pia na njia ya kulipa kwa kadi au kwa simu, maana ada za hifadhi za taifa hazipokelewi kwa fedha taslimu.

Kuhusu msimu, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu zaidi. Kati ya Machi na Mei maporomoko hupendeza mno, lakini njia huwa ya matope na mawe ya kandokando ya mto huota ukungu wa kijani usiovumilia haraka. Ulizia mvua ya huko juu mlimani pia, si ya kijijini pekee, kwa kuwa mto unaweza kuongezeka ghafla wakati uliposimama wewe kuna jua. Mwongozaji akisema leo hakuna kuoga kwenye bwawa la chini ya maporomoko, usibishane naye.

Viatu vinastahili kukaguliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Geuza kiatu utazame kisigino na ncha ya mbele: kama mifereji ya soli imelika mpaka ukipitisha kidole huisikii, kiatu hicho kitateleza juu ya jiwe lenye maji hata kama ngozi yake bado inang'aa. Viatu vipya visivyotembelewa navyo ni balaa ya malengelenge. Kata kucha za miguu siku moja au mbili kabla, kwa sababu wakati wa kuteremka vidole husukumwa mbele saa nzima. Soksi ziwe ndefu kiasi cha kuchomekea suruali ndani yake. Siafu hawasubiri salamu, na kupe hupenda nguo iliyo wazi kifundoni.

Beba maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, na usiyategemee ya mtoni bila kuyachemsha au kuyatibu. Pakiti mbili za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) hazina uzito wowote na zina faida kubwa kwa mtu aliyetoka jasho jingi. Chakula kifungwe vizuri na kisitolewe ovyo, maana nyani wanajifunza haraka, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia kontena au kitambaa. Weka pia bandeji ya kufungia kifundo cha mguu, na dawa zako binafsi, hasa ya pumu, ziwe mfukoni mwako badala ya begi la mwenzako.

Kama una darubini, ichukue: mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani kokote duniani nje ya milima hii na misitu iliyo karibu nayo, na mangabei wa Sanje, kima aliyefahamika kwa wanasayansi mwaka 1979, huishi katika misitu ya milima hii tu. Tembo nao wapo, na hiyo ni sababu tosha ya kutomwacha mwongozaji nyuma wala kumtangulia.

Usiitegemee simu kwa mawasiliano ndani ya msitu. Mwachie mwenyeji wako saa unayotarajia kurudi, na kama huna gari, patana mapema na dereva au bodaboda wa kukuchukua Sanje, kwa kuwa magari ya abiria kwenye barabara ya Ifakara hupungua kadiri jioni inavyoingia.