Kumpima mtoto urefu nyumbani bila kujidanganya

Wengine tunakumbuka ile ya kuandikishwa shule, mwalimu anakwambia pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili, ukilifikia umeiva darasa la kwanza, usipolifikia rudi nyumbani ukale ugali. Ile ilikuwa na maana yake bwana, mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, mpaka miaka 6 au 7 hivi ndo mkono unakizunguka kichwa vizuri. Ila kujua umri kwa njia hiyo ni kubahatisha tu, wapo wa miaka 5 wanashika na wa 8 aliyedumaa hafiki. Kwahiyo tushike futi.

Wa chini ya miaka 2 anapimwa amelala, huyo waachie kliniki wana ubao wao. Kuanzia miaka 2 anasimama, na usishtuke namba ikishuka kidogo siku anapohamia kwenye kusimama, tofauti ni kama sentimita 0.7.

Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu ngumu, zulia hapana. Avue viatu na soksi, nywele za mabutu fumua (misuko ya yebo yebo ya binti yangu ilimpa sentimita 3 za bure). Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, asinyanyue kidevu, na huo ndo ujanja wao wakitaka kumzidi kaka. Chukua kitabu chenye jalada gumu, upande mmoja ulale ukutani na mwingine ukandamize kichwa, piga alama kwa penseli chini ya kitabu. Mtoe, mrudishe, rudia mara 3, chukua wastani. Tumia futi ya chuma ya fundi ujenzi, ile ya cherehani inavutika.

Pima asubuhi. Mimi niliwahi kupima usiku nikaona mtoto kapungua karibu sentimita nzima, nikaanza kumuuliza mama yake anakula nini huyu, kumbe uti wa mgongo hujibana mchana kutwa ukilala unaachia.

Ukitaka kujua umbo, mkalishe kwenye stuli mgongo ukiwa ukutani, pima toka kwenye kikalio cha stuli mpaka utosini. Kichanga kichwa na kiwiliwili ni kama theluthi mbili za urefu wote, akifika ujanani inabaki nusu na kidogo. Halafu anyooshe mikono pembeni, pima ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, kwa mdogo inakuwa fupi kuliko kimo kidogo, akikaribia kubalehe zinalingana. Zikipishana sana, mfano miguu mifupi mno kwa kiwiliwili, mpeleke kwa daktari na namba zako mkononi.

Kipimo kimoja peke yake hakina la maana, kinachoongea ni kasi, na usipime kila wiki maana utakuwa unapima makosa yako mwenyewe, miezi 6 inatosha. Mwaka wa kwanza wanaongezeka kama sentimita 25, wa pili kama 12, halafu inatulia kwenye 5 mpaka 7 kwa mwaka hadi balehe. Akiwa chini ya 4 kwa mwaka kabla hajabalehe, usingoje. Balehe ikianza, mabinti hutangulia, wavulana wanakuja baadae lakini wanaruka zaidi, hata 9 au 10 kwa mwaka, na nyayo ndo zinaanza, kisha miguu, kiwiliwili mwishoni. Ndo maana suruali inakuwa kaptula wakati shati bado linamtosha, na anaangusha vikombe kila saa, msimgombeze.

Atafika wapi? Jumlisha kimo cha baba na mama kwa sentimita, mvulana ongeza 13, msichana toa 13, gawa kwa 2. Hapo ni katikati tu, anaweza kuwa juu au chini yake kwa sentimita 8 hivi.

Na alama zote ziingie kwenye daftari na tarehe yake siku hiyohiyo, sisi fundi rangi alikuja akapaka sebule, miaka 4 ya watoto ikaenda na brashi.