Kuchagua mkufu wa msalaba wenye tanzanaiti

Anza na jiwe, si dhahabu. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani mkoani Manyara pekee, ina ugumu wa 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi, madini ya mchangani yenye ugumu wa 7, kwa hiyo jiwe huchubuka taratibu. Shingoni ni salama kuliko kidoleni, lakini lisichomoze sana juu ya msalaba.

Ligeuze polepole kwenye mwanga wa mchana: lionyeshe bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo cha rangi hakibadiliki hivyo. Vijiwe vidogo vya kujaza msalaba mzima huwa vimepauka. Ukitaka rangi nzito, chukua jiwe moja kubwa katikati. Usishtuke ukiambiwa limepashwa moto, karibu yote hupashwa.

Kisha kagua kucha zinazolishika. Pitisha pamba juu yake. Nyuzi zikinasa, kuna ukucha ulioinuka, na hapo ndipo mawe hudondokea. Tafuta muhuri nyuma: 925 ni fedha, 750 ni dhahabu ya karati 18.

Mkufu wa sentimita 45 hukaa karibu na mtulinga. Kwa shati lenye kola chukua 55. Hakikisha kishikizo cha mkufu kinapita kwenye pete inayoning'iniza msalaba, la sivyo hutaweza kubadilisha mkufu bila sonara.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo inaweza kupasua tanzanaiti.