SOMO: Chakula cha usiku cha wiki nzima, nyumba moja ila kila mtu na masharti yake

Habari zenu wapendwa, hili somo ni la wale ambao nyumbani kuna mzee kaambiwa ana sukari na presha, kuna binti kaacha nyama, kuna baba mwenye nyumba ambaye bila ugali anasema hajala, na mpishi ni mmoja na gesi ni hiyo hiyo. Kwangu ndo hali ilivyo. Kupika sufuria tatu kila usiku utachoka na hela itaisha, mi napika chungu kimoja, vile vinavyotutofautisha naviweka mwishoni au pembeni, na chungu chenyewe nakitoa kwenye vyakula tulivyokulia.

HATUA YA 1: Waulize walikula nini utotoni
Usiwaulize wanapenda nini, watakwambia chipsi. Waulize usiku walikuwa wanakula nini wakiwa wadogo afu andika. Baba yangu ni Mpare wa Usangi, alitaja makande, ndizi na maharage, magimbi, nyama mpaka sikukuu. Mi nikaongeza perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Mume wangu kakulia Tanga, yeye ni mbaazi za nazi, kisamvu na bada, yaani ugali wa muhogo. Sasa angalia hiyo orodha, nyama karibu haipo, binti yangu tayari ana chakula! Na mzee ambaye alikuwa anasukuma sahani anasema mnanilisha chakula cha wagonjwa, alipoona makande aliyoyataja mwenyewe alikula kwa moyo wote, nilifurahi jamani.

HATUA YA 2: Andika kinachopunguzwa, sio jina la ugonjwa
Karatasi moja: chumvi, mafuta, wanga, nyama, na mbele yake jina la mtu. Basi. Mwenye figo asifuate somo hili, hata maharage na mboga anapimiwa, aanzie kwa daktari wake.

HATUA YA 3: Jumatatu, makande
Hapa naomba mnisome taratibu. Jumapili usiku loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage vyombo tofauti, maji ya kulowekea mwaga. Mahindi yanatangulia jikoni maana yanachelewa kuiva. Zamani mama alijaza mahindi maharage machache, mi nimegeuza, kikombe kimoja cha mahindi kwa viwili vya maharage, kwa ajili ya sukari ya mzee. Magadi usiweke hata kama unaharakisha, yana sodiamu kama ilivyo chumvi, mwenye presha yanamuumiza. Chemsha bila chumvi. Bonyeza punje ya hindi kwa vidole, ikipondeka bila kiini kigumu katikati yameiva. Kaanga kitunguu, tangawizi, karoti, hoho na nyanya kwa mafuta vijiko viwili, changanya, kamulia ndimu.

Hapo ndo unagawa. Bakuli la mzee linatoka kwanza kabla ya chumvi, ndimu na tangawizi zinatosha kumpa ladha. Afu tia chumvi, toa la binti na kipande cha parachichi. Yanayobaki mwagia tui zito, yachemke kidogo, hayo ya mume na watoto.

HATUA YA 4: Siku nyingine
Jumanne ndizi mbichi na maharage, wanaotaka nyama inapikwa pembeni kidogo. Jumatano ugali wa dona, mlenda na perege, binti anapata choroko. Alhamisi kisamvu cha karanga, kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana, kisamvu kibichi kina sumu. Ijumaa mbaazi, tui linaingia mwisho kama kwenye makande. Jumamosi na Jumapili nawaachia, wali ukipikwa sahani ya mzee nusu nzima ni mboga za majani.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbeya: Dada asante, ila mahindi si ndo yanapandisha sukari?
Jibu: Yanapandisha ndugu yangu, ndo maana kipimo nimegeuza na bakuli linakuwa dogo, mboga nyingi pembeni. Mpime kwa kile kimashine cha sukari masaa mawili baada ya kula, utajua mwili wake unavyopokea. Anayechoma insulini asirukishwe mlo.

Mama wawili: Binti asiyekula nyama hatapungukiwa damu?
Jibu: Mpe maharage, choroko na mchicha pamoja na ndimu au chungwa, mwili unapokea madini ya chuma vizuri zaidi. Chai asinywe papo hapo na chakula, inazuia. Wangu anakula mayai na maziwa, kama wako kaacha na hivyo ongea na daktari kuhusu vitamini B12.

Mdau: Shemeji ana gauti, hapo kwenye samaki?
Jibu: Dagaa, maini na supu ya nyama ampunguzie sana. Makande yanamfaa.

Mpishi mpya: Sina friji, maharage ya Jumatatu nitayatumiaje Jumanne?
Jibu: Mpenzi, chemsha ya siku hiyo tu, Jumanne loweka mengine asubuhi kabla hujatoka, jioni unakuta tayari ya kubandika. Yaliyoshatiwa tui usiyalaze kabisa, nazi inachacha haraka na joto la Dar hili.