Ruzuku ya pampu ya joto Uingereza na Wales: pa kuanzia

Karibu kila wiki napigiwa simu: "Fundi, hizo pauni 7,500 za serikali zinaingia benki lini?" Haziingii. Mpango wa kusaidia mwenye nyumba kubadili boila kwa pampu ya joto unaitwa Boiler Upgrade Scheme, ulianza 2022, unasimamiwa na Ofgem, mamlaka ya kusimamia nishati, na pesa zake hupitia kwa fundi. Yeye ndiye anayeomba na yeye ndiye anayelipwa. Wewe unapunguziwa kiasi hicho kwenye bei. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kujaza fomu, ni kuchagua fundi. (Scotland wana utaratibu wao, wa ruzuku pamoja na mkopo usio na riba.)

Hatua ya 1: Je, nyumba yako inaingia?

Lazima uwe mwenye nyumba, hata kama umeipangisha. Mpangaji hana budi kuzungumza na mwenye nyumba. Mfumo unaoondolewa uwe wa gesi, mafuta au hita za umeme, na uondoke kabisa: kubakiza boila ya gesi isaidiane na pampu hakukubaliki. Pampu inayovuta joto hewani na inayovuta ardhini zote hupata 7,500 tangu Oktoba 2023. Boila ya vidonge vya mbao hupata 5,000, tena vijijini tu kusikofika bomba la gesi.

Zamani ulilazimika kwanza kutandika sufi ya kuzuia joto darini kama cheti cha EPC, kile cha matumizi ya nishati ya nyumba, kilipendekeza hivyo. Sharti hilo liliondolewa Mei 2024. Mimi bado nasema itandike. Ni kazi rahisi kuliko zote humu.

Hatua ya 2: Ijaribu nyumba kabla ya kuita mtu

Hii watu huiruka, na ndiyo naipenda kuliko zote. Siku ya baridi kali, shusha joto la maji ya rejeta (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba) kwenye boila hadi nyuzi 50. Si kile kidhibiti cha sebuleni, ni cha kwenye boila yenyewe, mara nyingi kina alama ya rejeta. Iache iwake usiku na mchana, kisha pita chumba kwa chumba. Kinachobaki baridi ndicho kitakachohitaji rejeta kubwa zaidi. (Mwenye tangi la maji moto asiache hivyo zaidi ya siku moja, maji ya tangini yanatakiwa kufika nyuzi 60 kuua bakteria.)

Sababu ni kwamba pampu haiunguzi kitu. Inahamisha joto, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kukupa kama tatu za joto. Ukiilazimisha ipashe maji hadi nyuzi 65 kama boila ya zamani, faida hiyo inayeyuka na bili inakuumiza. Rejeta kubwa zenye maji ya uvuguvugu, hapo ndipo penye akiba.

Hatua ya 3: Ita mafundi watatu

Kila mmoja awe na cheti cha MCS, mfumo wa kuthibitisha mafundi na mitambo ya aina hii. Bila hicho hakuna ruzuku. Halafu muulize: utapiga hesabu ya upotevu wa joto kwa kila chumba? Anayejua kazi atapima madirisha, atachunguza kama ukuta una uwazi katikati, atafunua pembe ya zulia aone unene wa bomba. Mimi nikikuta bomba za milimita 10 najua kuna kazi ya ziada, nasema siku hiyo hiyo. Aliyekaa jikoni kwako dakika kumi, akanywa chai, akaandika "kilowati 12", mshukuru na umsindikize mlangoni.

Hatua ya 4: Soma kwotesheni

Bei kamili ionekane, kisha ruzuku, kisha salio lako. VAT ni sifuri hadi 31 Machi 2027, kwa hiyo ukiona asilimia 20 uliza. Uliza pia tangi la maji moto litakaa wapi. Wenye boila isiyo na tangi hushtuka wakiambiwa kabati la nguo ndilo litakalotolewa.

Hatua ya 5: Vocha

Fundi akishaomba vocha (idhini ya ruzuku), Ofgem watakuandikia barua pepe uthibitishe kwamba umemruhusu. Mteja wangu mmoja hakujibu. Barua ilikuwa imelala kwenye folda ya taka, ombi likakataliwa, tukaanza upya. Vocha ya pampu ya hewa hudumu miezi mitatu, ya ardhini sita. Ndiyo maana kabla ya kuomba natazama kwanza waya wa umeme unaoingia nyumbani. Nyumba nyingine za zamani huchangia waya mmoja na jirani, na kuutenganisha ni kazi ya kampuni ya mtandao wa umeme, ambayo ina foleni yake. Usiruhusu vocha ianze kuhesabu siku huku mkisubiri foleni hiyo.

Hatua ya 6: Siku ya kukabidhiwa

Pokea cheti cha MCS cha mtambo wenyewe na maelezo ya udhamini, ulipe salio. Madai ya vocha ni juu ya fundi. Kabla hajafunga kisanduku chake, mwambie akuonyeshe kwenye skrini maji yanayokwenda kwenye rejeta yana nyuzi ngapi, na kama mtambo unashusha joto hilo wenyewe nje kukipata joto. Ukikuta 55 mchana wa jua, asiondoke.