Sosi ya samaki kwa usipa wa Ziwa Nyasa: kuitengeneza na kuipikia

Kilo tatu za samaki kwa kilo moja ya chumvi. Hicho ndicho kipimo cha Phú Quốc, kisiwa cha Vietnam kinachosifika kwa sosi ya samaki kuliko sehemu nyingine yoyote nchini humo. Huko dagaa wa baharini hulazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa mwaka mzima au zaidi, na tangu 2012 Umoja wa Ulaya unalinda jina la sosi hiyo kisheria. Wavietinamu wanaiita nước mắm, Wathai nam pla, Wafilipino patis. Kambodia nao wana ya kwao, na wao hutumia samaki wadogo wa maji baridi kutoka Ziwa Tonle Sap. Mfano huo wa Kambodia ndio unaotufaa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, maana bahari iko mbali lakini Ziwa Nyasa liko chini ya milima yetu, na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa hilo wanaofanana na dagaa, hawakosekani.

Maelezo haya ni ya ndoo moja: kilo 6 za usipa wabichi na kilo 2 za chumvi.

Kwa nini chumvi iwe nyingi hivyo

Samaki ndani ya ndoo hawatakiwi kuoza. Kuoza ni kazi ya bakteria, na chumvi nyingi huwazuia karibu wote. Kinachoyeyusha nyama ni vimeng'enya vya samaki mwenyewe, hasa vile vya tumboni, ndiyo maana usipa hawatumbuliwi. Vimeng'enya hivyo hukatakata protini mpaka zinabaki asidi amino, ikiwemo glutamati, na hiyo ndiyo inayoleta ile ladha nzito inayobaki mdomoni. Bakteria wachache wanaovumilia chumvi huongeza harufu yao polepole.

Sasa hesabu. Robo tatu hivi ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo kilo 6 zina maji kama lita 4.5. Maji hayo hayawezi kuyeyusha zaidi ya kilo 1.6 ya chumvi. Ukiweka kilo 2, nyingine inabaki chini ikiwa punje. Hiyo ndiyo akiba yako: ukiona punje za chumvi chini ya ndoo, ujue maji yote yameshiba na samaki wako salama. Anayeona chumvi ni nyingi akaipunguza mpaka kilo moja kwa kumi hatapata sosi laini zaidi. Atapata uozo, tena uozo wa hatari. Kiwango cha kimataifa cha chakula kiitwacho Codex kinataka sosi iwe na chumvi isiyopungua gramu 200 kwa lita.

Pima kwa mizani. Kikombe cha chumvi ya mawe na kikombe cha chumvi laini havilingani uzito hata kidogo. Chumvi ya mawe ndiyo tunayoishauri, kwa sababu inayeyuka taratibu na kuendelea kushuka kati ya samaki kwa wiki kadhaa.

Peleka chumvi ziwani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na zinaharibika kabla ndoo haijafungwa. Samaki akikaa saa kadhaa kwenye joto bila chumvi wala barafu, bakteria huanza kutengeneza histamini ndani ya nyama. Histamini haiondolewi na chumvi utakayoweka baadaye, wala kuchemsha, wala kukaa mwaka mzima. Anayeila kwa wingi hupata uso mwekundu, kichwa kuuma, kuwashwa na moyo kwenda mbio. Codex inaruhusu isizidi miligramu 40 kwa gramu 100, na nyumbani hakuna namna ya kuipima. Kinga iliyopo ni moja: samaki awe ametoka majini muda huohuo.

Kwa hiyo usinunue usipa "wabichi" waliopandishwa Mbeya kwenye gunia ndani ya basi. Shuka na ndoo, mizani na chumvi yako mpaka Matema au Itungi, uwe ufukweni alfajiri wavuvi wanaporudi. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za giza ndizo zenye samaki wengi. Mbalamwezi ikiwa kali, mavuno hupungua na bei hupanda. Chagua wenye macho maangavu, mwili mgumu na tumbo zima. Tumbo lililopasuka maana yake samaki amekaa. Usipa waliochemshwa au kukaushwa hawafai: joto la kuchemsha limeshaua vimeng'enya, na waliokauka hawana tena maji ya kutoa sosi.

Wasuuze haraka kwenye maji safi yenye chumvi, gramu 300 kwa lita 10, waondoke mchanga na majani. Waache wajichuje kwenye chekeche kivulini kwa dakika 10. Usiwaloweke.

Kupanga ndoo

Tumia ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi ya ukuta haifai hata uioshe mara ngapi. Sufuria ya aluminiamu na pipa la bati vitaliwa na chumvi. Mtungi wa udongo uliopakwa glezi (tabaka linalong'aa kama kioo) ndani ni mzuri sana ukiupata.

Tandaza gramu 200 za chumvi chini. Kwenye beseni changanya samaki na kilo 1.3 kwa mikono mpaka kila samaki ashike chumvi, kisha wapange ndooni kidogo kidogo huku ukigandamiza hewa itoke. Gramu 500 zilizobaki zifunike juu kabisa, pasionekane hata mkia. Weka sahani inayoingia ndani ya ndoo, juu yake jiwe la mtoni la kilo mbili lililochemshwa. Funga kitambaa cha pamba kwa mpira, halafu mfuniko.

Baada ya siku mbili au tatu maji yatakuwa yamepanda juu ya sahani. Wiki ikipita na samaki bado wako nje ya maji, chemsha lita moja ya maji na gramu 360 za chumvi, ipoe kabisa, uimimine. Usiongeze maji matupu kwa hali yoyote.

Baridi ya Mbeya na jua la Kyela

Vimeng'enya hupenda joto. Kyela iko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto lake halitofautiani sana na la pwani, na ndoo inaweza kuwa tayari kwa miezi 12. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi. Juni na Julai usiku ni baridi kali na kazi ndani ya ndoo karibu inasimama, haiharibiki, inangoja. Huku hesabu miezi 18, Njombe na Makete hata miaka miwili. Kama una ndugu Kyela, iache ndoo kwake. Ni ushauri wa dhati, maana tofauti ya ladha ni kubwa.

Ukilazimika kuiweka Mbeya au Iringa, anza Agosti mwishoni ili mwanzoni kabisa ipate miezi ya joto ya Septemba hadi Novemba. Iegemeze kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu huku kwetu jua la kipupwe hupita upande huo. Ndoo nyeusi hushika joto kuliko nyeupe. Mvua ndiyo adui: mfuniko ukivuja masika, maji yanayoingia hukaa juu na kupunguza chumvi palepale penye hewa. Ikitokea, toa maji ya juu, nyunyiza gramu 300 za chumvi, ubadilishe mfuniko.

Miezi miwili ya mwanzo usiiguse. Baada ya hapo koroga mara moja kwa mwezi kwa mwiko mkavu wa mbao, urudishe sahani na jiwe.

Vipovu vidogo mwanzoni ni kawaida. Samaki wakivimba na kuelea, jiwe ni jepesi. Utando wa waridi juu unatokana na bakteria wanaopenda chumvi na hewa: uondoe na tabaka la juu, ongeza chumvi, gandamiza. Harufu ya sosi changa ni kali lakini ni ya samaki na chumvi, na kadiri miezi inavyokwenda inageuka kuwa kama ya nyama ya kuchoma. Harufu ya yai viza au ya choo maana yake imeoza, mwaga yote. Funza nao ni ushahidi kwamba nzi alipata upenyo; wakienea, usijaribu kuokoa kitu.

Kuchuja

Iko tayari nyama ikishayeyuka, mifupa ikawa chini, na kimiminika kikawa na rangi ya chai ya rangi. Onja tone moja. Chumvi itatangulia, kisha ladha nyingine ifuate na ibaki. Ukipata chumvi tu, funga ndoo, rudi baada ya miezi mitatu.

Chota kwa upawa umimine kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne juu ya chekeche. Acha idondoke yenyewe usiku kucha. Ukikamua utapata sosi ya mawingu isiyotulia. Kwa ndoo hii tegemea lita mbili hadi tatu. Kwa kuwa ni samaki wa maji baridi, tunashauri kuchemsha dakika 10 kwa moto mdogo kwenye sufuria ya stili, nje ya nyumba, ukiengua povu. Ipoe, ijaze kwenye chupa za kioo, itulie wiki mbili, kisha imimine taratibu kwenye chupa nyingine na kuacha mashapo.

Masalia bado yana kitu. Mimina juu yake lita 2 za maji yaliyochemshwa na gramu 360 za chumvi kwa kila lita, yakiwa yamepoa, uache miezi mitatu. Hiyo ya pili ni hafifu, inafaa kuungia mboga. Ya kwanza ibaki ya mezani. Mwishowe mifupa usiitupe shambani, chumvi yake itakausha mimea.

Chupa za Vietnam zina namba, kama 30 au 40: ni gramu za naitrojeni kwa lita, kipimo cha protini iliyoyeyuka. Namba ikiwa juu, sosi ni nzito zaidi. Ukinunua, soma viambato: samaki, chumvi, pengine sukari. Orodha ikiwa ndefu, iache.

Jikoni

Kijiko cha chai kina zaidi ya gramu moja ya chumvi, cha chakula karibu gramu 4, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo sosi inachukua nafasi ya chumvi, haiongezwi juu yake. Mwenye shinikizo la damu aipime kwa matone, na mwenye mzio wa samaki asiiguse.

Pa kuanzia ni chainizi. Kaanga punje tatu za kitunguu saumu kwenye mafuta ya moto, tia fungu moja la chainizi, na mboga ikianza kulegea zungusha vijiko viwili vya chai vya sosi pembeni mwa kikaango, siyo juu ya majani. Ikigusa chuma cha moto harufu ya samaki inaruka na ladha inabaki. Dakika moja, epua. Kwenye maharage ya nazi, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya nusu kilo kinatosha, nacho kiingie mwishoni yakiwa yameshaiva.

Ya kuchovyea, ile ya Vietnam iitwayo nước chấm: yeyusha vijiko 2 vya chakula vya sukari kwenye nusu glasi ya maji vuguvugu, tia vijiko 2 vya maji ya ndimu, kisha vijiko 2 vya sosi. Kitunguu saumu na pilipili kichaa vilivyokatwa vidogo sana viingie mwisho ili vielee juu. Onja: ndimu na sukari zipigane sawasawa, chumvi iwe nyuma. Inakwenda vizuri na wali wa mchele wa Kyela na nyama ya kuchoma.

Kwa kitimoto, kilo moja iliyokatwa vipande vyembamba: vijiko 3 vya sosi, 2 vya sukari, punje tano za kitunguu saumu, mashina mawili ya mchaichai yaliyotwangwa (ile sehemu nyeupe tu). Ilale saa mbili. Choma kwa mkaa uliopungua makali, kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaiva, na nguruwe lazima aive mpaka ndani.

Saladi ya Kithai ya papai bichi inahitaji kinu. Twanga punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbili, ongeza kijiko cha sukari guru, karanga za kukaanga, nyanya mbili, maji ya ndimu moja na kijiko kimoja na nusu cha sosi. Papai, lenye nyama nyeupe kabisa na utomvu uliooshwa, lichanwe nyuzinyuzi viganja vitatu, liingie mwisho, ligongwe kidogo tu huku ukigeuza kwa kijiko. Likipondeka litatoa maji na saladi itapooza, kwa hiyo litwange watu wakiwa wameshakaa mezani.