Kocha wa Marekani amekuandikia: ipime timu kabla ya kusaini

Ujumbe huingia WhatsApp au Instagram saa 4 usiku, kwa sababu kule bado ni alasiri. Kocha ameona muda wako wa mita 5000, anakusifu, anataja skolashipu na anataka jibu haraka. Njia yenyewe si ngeni. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa akikimbilia chuo cha El Paso, Texas, alipotwaa medali ya fedha ya mita 5000 kule Moscow 1980. Sally Kipyego aliondoka Texas Tech na mataji 9 ya NCAA (shirikisho kuu la michezo ya vyuo vya Marekani), Edward Cheserek akaondoka Oregon na 17.

Kocha atakutajia majina ya namna hiyo. Wewe tafuta mengine: ya wanariadha watatu au wanne waliofika kwenye timu hiyo hiyo miaka minne iliyopita wakiwa na muda kama wako. Wako wapi leo?

Kwanza, ligi gani?

NCAA ina madaraja matatu. Daraja la tatu halitoi skolashipu ya michezo hata senti moja. Kocha wake akikuahidi pesa, basi ni za masomo au za kusaidia familia isiyojiweza, na zina masharti yake. Vyuo 8 vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo, viko daraja la kwanza lakini navyo havitoi ya michezo. Hupima kipato cha nyumbani, na kwa mtoto wa mkulima mdogo mwenye alama za juu msaada wao unaweza kuipita skolashipu ya mkimbiaji. Nje ya NCAA kuna NAIA, yenye vyuo vidogo vingi, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili. Usividharau: wapo waliopitia huko kwanza, wakazoea Kiingereza cha darasani na baridi, kisha wakahamia daraja la kwanza.

Tangu msimu wa 2025, vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya House (wanariadha walioishtaki NCAA kuhusu malipo) havina tena kikomo cha idadi ya skolashipu. Zamani riadha na mbio za nyika zilikuwa na skolashipu 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake. Kikomo sasa ni cha watu: 17 kwenye timu ya nyika, 45 kwenye timu ya uwanjani. Pesa zinaweza kuwepo na nafasi ikakosekana. Kocha anaweza kukusajili Aprili, halafu Juni akampokea mwanariadha wa miaka 23 anayehamia kutoka chuo kingine akiwa tayari amekomaa. Kwa hiyo uliza waziwazi: chuo kimejiunga na makubaliano hayo? Mimi nimo ndani ya wale 17?

Wafuate waliotangulia

Hii ndiyo kazi yenyewe. Inahitaji bando na jioni mbili.

Fungua TFRRS, tovuti inayohifadhi matokeo ya riadha ya vyuo vya Marekani. Tafuta chuo, fungua ukurasa wa timu yako (ya wanaume au ya wanawake), rudisha msimu miaka minne nyuma na unakili kwenye daftari majina yote ya mwaka wa kwanza wanaokimbia kuanzia mita 1500 kwenda juu. Fungua ukurasa wa kila mmoja. Chora safu nne: muda aliokuja nao, muda bora wa kila mwaka, idadi ya mashindano kwa mwaka, na msimu wa mwisho aliokimbia. Muda wa kabla ya chuo utaupata kwenye wasifu wake wa World Athletics, shirikisho la riadha la dunia.

Soma safu ya mwisho kwanza. Ikiwa kati ya 8 walioingia ni 3 tu waliofika mwaka wa nne, kuna kitu. Wengine watakuwa wamehama, na utawakuta TFRRS kwa jina la chuo kingine. Wengine hawaonekani popote. Msimu mmoja mtupu hauthibitishi lolote, kwani kocha huweza kumkalisha mtu nje makusudi ili kumhifadhia msimu, maana misimu ya kushindana chuoni ina kikomo. Misimu miwili au mitatu mitupu mfululizo mara nyingi ni jeraha. Wanne wenye pengo la aina hiyo kwa kocha mmoja, hiyo si bahati mbaya tena.

Sasa hesabu mashindano. Chuo kina misimu mitatu: nyika kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, mbio za ndani Desemba hadi Machi, kisha uwanja hadi Juni. Kijana wa kambi ya Iten amezoea kujenga mwili miezi mitatu ili akimbie mara chache. Kule anaweza kusimama kwenye mstari mara 20 kwa mwaka. Chanzo ni pointi. Kwenye ubingwa wa kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja (conference), wa kwanza hadi wa nane hupata 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1, na mkimbiaji wa masafa marefu ndiye anayeweza kukusanya nyingi peke yake: 10,000 Alhamisi, 5000 Jumamosi, na pengine 3000 ya viunzi na maji katikati. Kocha anayehofia kibarua chake atakukimbiza zote. Angalia tarehe. Ukiona mtu yuleyule anakimbia mbio mbili kila wikendi ya Aprili, halafu muda wake wa Mei ni mbovu kuliko wa Machi, umeshaijua timu hiyo kuliko utakavyoambiwa na kocha.

Tahadhari moja unapolinganisha muda. Albuquerque iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600 na Flagstaff mita 2,100, wakati Boston iko usawa wa bahari. NCAA hutoa fidia ya muda kwa mbio ndefu zinazokimbiwa kwenye mwinuko, basi soma muda pamoja na mahali ulipopatikana. Aliyetoka na dakika 14:20 za Eldoret akakimbia 13:50 Boston hajaboreka kwa sekunde 30 zote. Sehemu kubwa ya hizo ni hewa.

Mwisho, angalia kocha amekaa muda gani. Ukurasa wa chuo una wasifu wake. Aliyehama vyuo vitatu ndani ya miaka sita atahama tena, na anayekuja baada yake halazimiki kukupenda.

Asilimia 75 ya nini?

Makosa mengi ya pesa huanzia kwenye neno moja: asilimia. Tuseme chuo kinagharimu hivi kwa mwaka: karo dola 20,000, chakula na malazi 11,000, bima ya afya 2,500, vitabu 1,000. Jumla 34,500. Asilimia 75 ya gharama yote ni 25,875, na nyumbani watatafuta 8,625. Asilimia 75 ya karo peke yake ni 15,000, na deni lako ni 19,500. Kwa Sh130 za Kenya kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 2.5 kila mwaka. Kocha aliyesema "asilimia 75" hakusema uongo.

Dai barua rasmi kutoka ofisi ya fedha ya chuo, wala si ujumbe wa kocha, yenye kila kifungu na kiasi chake. Halafu subiri I-20, fomu ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza ya F-1, ya mwanafunzi. Sehemu ya fedha ina pande mbili. Upande mmoja ni makadirio ya gharama: karo, maisha, na mengineyo kama bima. Upande wa pili ni vyanzo: pesa zako binafsi, pesa za chuo, za mfadhili mwingine, na kazi ya chuoni. Weka kidole kwenye mstari wa pesa binafsi. Ukiona 12,000 pale wakati uliambiwa utalipiwa kila kitu, umegundua mapema. Ofisa wa viza naye ataisoma karatasi hiyohiyo na kukuuliza nani analipa, na mzee wako atatakiwa awe na taarifa za benki za kuthibitisha.

Yako mambo manne ambayo huwa hayamo kwenye barua. La kwanza ni kodi. Skolashipu inayolipa karo na vitabu vya lazima haitozwi, lakini ile inayolipa chakula na malazi hutozwa, na kwa mwanafunzi wa F-1 asiye na mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani (Kenya na Tanzania hazina) chuo hukata asilimia 14. Kwa mfano wetu, kama skolashipu inalipa dola 11,000 zote za chakula na malazi, hiyo ni dola 1,540. Mara nyingi deni hili huonekana kimyakimya kwenye akaunti yako ya chuo. Usipolilipa unazuiwa kujisajili muhula unaofuata, na usipojisajili krediti 12 (mzigo wa masomo wa mwanafunzi wa muda wote) unapoteza timu na viza kwa pamoja. La pili ni likizo: skolashipu nyingi ni za miezi 9, mabweni na bwalo hufungwa Desemba na kiangazi. Uliza Wakenya wa timu hiyo hulala wapi Krismasi. La tatu ni nauli ya ndege. La nne ni muda wa ahadi. Kwenye daraja la kwanza, tangu Agosti 2024, chuo hakiruhusiwi kukufutia skolashipu kwa sababu umeumia au umepunguza kasi. Kwingineko mkataba mara nyingi ni wa mwaka mmoja mmoja, na kocha anaweza kutouhuisha.

Usiweke kwenye hesabu pesa za matangazo unazosikia wanariadha wa Marekani wanalipwa. Viza ya F-1 huruhusu kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mazoezi yenyewe yanaweza kula saa 20 nyingine.

Wakala akikuomba asilimia ya skolashipu, mkatae. Kanuni za NCAA haziruhusu malipo yanayotegemea kupata kwako skolashipu, na atakayewekwa nje ni wewe.

Saa yako ilianza siku ya mtihani wa mwisho

Wengi hukwama hapa. Mtu amemaliza KCSE Novemba, akakaa kambini miaka mitatu akikimbia mbio za barabarani, ndipo kocha akamwona. Kwa riadha, daraja la kwanza limekuwa likitoa mwaka mmoja wa neema baada ya sekondari. Ukipita bila kujiunga na chuo, kila mwaka uliokimbia mashindano rasmi unaweza kukukata msimu, na ukifika ukakalishwa mwaka mzima bila kushindana. Mashindano rasmi si yale ya taifa tu: mbio za kaunti zenye matokeo yaliyoandikwa na zawadi zinaingia. NCAA imekuwa ikibadilisha kanuni za umri na misimu, kwa hiyo dai zile za mwaka utakaoingia.

Andika orodha ya kila mbio uliyokimbia tangu sekondari: tarehe, mahali, nafasi, zawadi. Itume kwa ofisi ya kanuni ya chuo (kila chuo cha NCAA kina watu wa kazi hiyo) na uombe jibu la maandishi: nitakuwa na misimu mingapi? Usifiche mbio. Matokeo yako mtandaoni, na tarehe ya kuzaliwa kwenye World Athletics isiyolingana na pasipoti itakuletea shida kubwa kuliko msimu mmoja uliopotea.

Darasa na mwili

Kwenye ukurasa wa timu, wasifu wa mwanariadha mara nyingi hutaja anachosomea. Nusu ya timu wakiwa kwenye somo moja, uliza kwa nini. Ukitaka uuguzi au uhandisi, uliza kama yupo mkimbiaji anayeusomea sasa hivi, maana zamu za hospitali na maabara za alasiri hugongana na mazoezi, na makocha wengine hukushawishi ubadilishe somo kimyakimya. Kwa daraja la kwanza, NCAA huchapisha alama ya APR ya kila timu, inayopima kama wanariadha wanafaulu na kubaki chuoni. Chini ya 930 kati ya 1000 timu inaweza kuzuiwa ubingwa.

Kanuni inasema saa 20 za mazoezi kwa wiki msimu ukiwa wazi, 8 nje ya msimu, na siku moja ya mapumziko. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 tu, na safari haihesabiwi kabisa, hata mkikaa ndani ya basi saa 11.

Kuhusu majeraha, uliza maswali mawili: nani anaamua mtu arudi kukimbia, daktari au kocha? Na je, mnapima damu kuangalia madini ya chuma, mara ngapi kwa mwaka?

Simu isiyo na kocha

Omba namba za wanariadha watatu, na mmoja utafute mwenyewe kutoka kwenye daftari lako, hasa aliyehama. Piga saa 2 usiku ya Nairobi. New York wakati wa kiangazi itakuwa saa 7 mchana, majira ya baridi saa 6. Ongeeni Kiswahili au lugha ya nyumbani. Usimuulize kama anaipenda timu. Muulize wiki iliyopita alikimbia kilomita ngapi, nani aliumia msimu huu na sasa anafanya nini, na bili ya mwisho ya chuo ilikuwa kiasi gani. Akisita kwenye bili, nyamaza umsubiri.

Kocha akikupa saa 48, mwandikie barua pepe yenye maswali yako na umwambie utasaini siku ya tatu baada ya majibu kufika. Ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), dola 350, usiilipe kabla ya I-20 kuwa mkononi, na kabla ya hapo angalia kama nchi yako imewekewa vizuizi vya viza: Burundi iliwekwa 2025, na orodha hiyo imekuwa ikiongezwa.